Tunduma haikuchorwa Berlin

Shuleni tunafundishwa, na vijiweni tunakubaliana, kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa kwa rula mezani Berlin kati ya mwaka 1884 na 1885, na kwamba waliochora hawakuwahi kuikanyaga ardhi waliyoigawa. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli. Kwa Tunduma hayatoshi, na ubaya wake ni kwamba yanatuzuia kuona jambo kubwa zaidi. Mpaka unaotenganisha Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia, ambao mama muuza nyanya anauvuka mara kadhaa kwa siku huku dereva wa lori la shaba akikaa foleni kuusubiri, ulitafutwa ardhini kwa darubini, saa na nyota, na ulisaidiwa na mkondo wa umeme uliopita katika waya kutoka ncha ya kusini ya bara. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba historia ya mpaka huu ni historia ya sayansi sawasawa na ilivyo historia ya ukoloni, na kwamba upimaji uliofanyika katika nyanda za Songwe ni sehemu ya kazi ileile ndefu iliyokuja kutumika, miongo sita baadaye, kufuatilia vyombo vya anga kutoka kisiwani Unguja.

Tuanze na Berlin yenyewe. Mkataba uliotiwa saini huko mwaka 1885 haukuweka mpaka wowote kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ulichofanya ni kueleza bonde la mto Kongo, ambamo mataifa yangefanya biashara huria, na kusema kwamba bonde hilo linaishia kwenye vilima vinavyogawa maji yake na maji ya mito mingine. Mpaka ulikuja miaka mitano baadaye, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule unaokumbukwa zaidi kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Maneno yake kuhusu eneo letu ni ya kijiografia kabisa: mpaka upande mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, ufike pale mto unapokaribia zaidi ukingo wa bonde la Kongo, uruke hadi kwenye ukingo huo, uufuate hadi longitudo ya nyuzi 32, kisha unyooke kwenda kwenye mto Kalambo unaoingia Ziwa Tanganyika. Waingereza waliutaka mstari huo kwa sababu uliiacha upande wao barabara ya Stevenson, njia iliyoanza kukatwa mwaka 1881 kutoka Karonga kuelekea Tanganyika kwa fedha za mfanyabiashara James Stevenson.

Sasa mtu achukue maneno hayo aende nayo Momba au Mbozi akautafute mpaka. Atakwama mapema. Mgongo wa ardhi unaopita Tunduma ni miongoni mwa sehemu za ajabu za Afrika: maji yanayoteremka kusini huingia mto Chambeshi, yakapita Kongo hadi bahari ya Atlantiki, yanayoteremka kaskazini huingia Momba na kuishia Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea, na yanayokwenda mashariki huingia Songwe, Ziwa Nyasa, mto Shire na Zambezi hadi bahari ya Hindi. Lakini mgongo huo si ukuta. Ni uwanda mpana wenye mbuga za majimaji, na katika mbuga tambarare huwezi kuona kwa macho tone lipi litakwenda Kongo na lipi litakwenda Rukwa. Inabidi upime mwinuko. Tena kuna nyuzi 32, kitu ambacho hakionekani popote ardhini. Hakuna mti wala jiwe lililoandikwa longitudo. Kwa hiyo yale maneno ya mwaka 1890 yalikuwa ahadi tu ya kwamba siku moja watu wataenda kupima.

Kupima longitudo, kwa mpima ardhi wa karne ya 19, kulikuwa sawa na kupima wakati. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Ukijua saa ya mahali ulipo kwa kuangalia nyota, na ukajua saa ya mahali pengine palipokwisha kupimwa kwa dakika ileile, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo longitudo yako. Ugumu upo kwenye saa ya pili, kwa sababu unapaswa kutembea nayo. Saa iliyobebwa kichwani na mpagazi kwa wiki kadhaa, juani mchana na kwenye baridi ya Mbozi usiku, haiwezi kuaminika kwa sekunde. Na sekunde ni ardhi. Katika latitudo ya Tunduma, kosa la sekunde 1 ya wakati ni mita 460 hivi. Kosa la dakika 1 ni kilomita 27 na nusu. Himaya mbili zilizogombana juu ya barabara moja zisingeweza kukubaliana juu ya mpaka wenye shaka ya ukubwa huo.

Jibu lilitoka baharini. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ililaza kebo chini ya bahari kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Tunaizoea kebo hiyo kama chombo cha masultani, makonseli na wafanyabiashara wa karafuu, lakini wanaastronomia waliitamani kwa sababu nyingine: ishara ya umeme hufika karibu papo hapo, kwa hiyo saa mbili zilizo mbali maelfu ya kilomita zinaweza kulinganishwa bila mtu kubeba chochote. David Gill, aliyechukua uongozi wa kituo cha kuangalia nyota cha Cape mwaka huohuo wa 1879, aliitumia njia hiyo kuiunganisha Cape na Aden kwa longitudo mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ishara zilizoipa Cape mahali pake duniani zilipita mbele ya Unguja, na msaada wa pwani yetu katika sayansi hiyo haujapewa uzito unaostahili.

Kisha waya ukapanda bara. Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya telegrafu ya kuvuka bara mwaka 1892, akitaka kuunganisha Cape na Misri. Waya huo ulifika Blantyre mwaka 1895, ukaendelea kufuata Ziwa Nyasa. Tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ilipokuja kuuweka mpaka mwaka 1898, waya ulikuwa umefika Nkhata Bay, kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa. Hapo Kapteni Charles Close wa Uingereza akapata alichokihitaji: ishara za wakati kutoka Cape, kwa Gill, moja kwa moja. Kutoka ziwani kipimo kikapelekwa magharibi kwa pembetatu. Unapima pembe kati ya vilele vitatu vinavyoonana, ukijua urefu wa upande mmoja unapata mingine yote kwa hesabu, kisha unahamia vilele vinavyofuata, hivyo hivyo hadi Tanganyika. Upande wa Wajerumani aliongoza Kapteni Herrmann, naye alikuwa na mwanasayansi Ernst Kohlschütter na Luteni Glauning. Wawili hawa wa mwisho hawakurudi nyumbani kazi ilipokwisha. Mwaka 1899 na 1900 walitembea na pendulo katika koloni la Wajerumani wakipima nguvu ya mvutano wa dunia mahali baada ya mahali. Mpaka wenyewe, wenye urefu wa kilomita 340 hivi kutoka Songwe hadi Tanganyika, ulithibitishwa kwa makubaliano ya tarehe 23 Februari 1901, na kusimikwa kwa nguzo.

Kama kuna anayedhani kwamba tofauti kati ya kuchora na kupima ni ya wasomi tu, autazame mpaka huohuo katika vipande vyake viwili. Kipande cha mashariki kimeachiwa mto Songwe. Mto huo, hasa unapoingia tambarare za chini kuelekea ziwani, hubadili njia mafuriko yanapokuja, na kila unapohama mkulima anaweza kulala Tanzania akaamka shamba lake likiwa Malawi. Serikali mbili zimelazimika kuanzisha mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na kuutuliza mto huo ni mojawapo ya shabaha zake. Kipande cha magharibi, kinachopita Tunduma, kimewekwa kwa nguzo zilizopimwa. Kina matatizo yake, nitayataja, lakini kuhama si mojawapo.

Wapo watakaosema kwamba simulizi hii inawatukuza maofisa wa kikoloni na kuwasahau waliopasuliwa na mstari wao. Pingamizi hilo ni zito, na sitaki lipite juu juu. Wanyamwanga walikuwepo pande zote mbili kabla ya theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kufika, na wapo pande zote mbili leo. Hakuna aliyewauliza. Wapagazi ndio waliobeba darubini, nyaya na nguzo, na majina yao hayapo kwenye ramani, wakati kituo cha Fife, kusini kidogo mwa Tunduma, kilipewa jina la mkurugenzi wa kampuni ya kikoloni ya Rhodes. Lakini kukiri dhuluma hiyo hakutulazimishi kuiacha sayansi iwe mali ya waliodhulumu. Kinyume chake, ujuzi wa ardhi uliotumika ulikuwa wa wenyeji kwa kiasi kikubwa: ni nani aliyejua njia zinazopita mgongoni bila kuvuka mto, au kilima kipi kinaonekana kutoka kipi? Mpima anayefika mahali kwa mara ya kwanza huongozwa. Mfano ulio wazi zaidi upo Ndolezi wilayani Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Kimondo kilichopo pale, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuzidi tani 12, kilijulikana kwa wenyeji muda mrefu, lakini vitabu vinaanza habari zake mwaka 1930, alipokiona mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Kumbe kilichoanza mwaka huo ni maandishi tu.

Turudi kwa Gill, kwa sababu mpaka ulikuwa sehemu ndogo ya alichokuwa anakitafuta. Tangu 1879 alikuwa na wazo la kupima mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka Cape hadi Misri kando ya longitudo ya nyuzi 30, ili kujua umbo na ukubwa halisi wa dunia. Katika Rhodesia ya Kusini kazi hiyo ilianza mwaka 1897 kwa fedha za kampuni ya Rhodes, mfuko uleule uliokuwa nyuma ya waya wa telegrafu. Kati ya 1903 na 1906 Tryggve Rubin, Msweden, akaupeleka mnyororo kaskazini hadi karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, magharibi mwa nguzo za Close na Herrmann. Waya ulikuwa umeshatangulia: Rhodes alikwenda Berlin Machi 1899, akakubaliana na Kaisari Wilhelm II upite katika ardhi ya Wajerumani, ukafika Ujiji mwaka 1903 na kuishia hapo, Rhodes mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Pembetatu nazo zilikatikia kwenye mpaka wetu, vita vikaja, na pengo la Tanganyika likabaki wazi hadi Martin Hotine alipoliziba kati ya 1931 na 1933, akipanda vilele vya magharibi mwa nchi kutoka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini hadi Urundi. Kipande cha mwisho, nchini Sudan, kilikamilishwa na idara ya ramani ya jeshi la Marekani mwaka 1954.

Kwa nini jeshi la Marekani lijisumbue na jangwa la Sudan kwa ajili ya ndoto ya mwanaastronomia wa Cape? Kwa sababu wakati huo roketi za kuvuka mabara zilikuwa zinabuniwa, na roketi haiulizi mipaka ya nchi. Inauliza dunia ina ukubwa gani. Mnyororo wa nyuzi 30, ukiunganishwa na vipimo vya Ulaya, uliwapa wanasayansi wa idara hiyo, akiwemo Irene Fischer, mwanamama mzaliwa wa Vienna, ushahidi kwamba dunia ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kipimo cha kimataifa kilichotumika tangu 1924 kiliweka nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta kuwa mita 6,378,388. Fischer mwaka 1960 alikiweka kwenye mita 6,378,166. Leo setelaiti zinatumia 6,378,137. Yaani kosa la mita 251 lilishuka hadi mita 29, kabla setelaiti hazijaanza kutumika kwa wingi kupima dunia, na mnyororo uliopita Afrika Mashariki ulikuwa miongoni mwa nguzo kuu za hesabu hiyo.

Mfumo huo wa Fischer ndio uliochaguliwa na shirika la anga la Marekani kwa vituo vya mradi wa Mercury, na kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Tunguu, Unguja. Makubaliano yalitiwa saini Oktoba 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza. Kazi ya kituo ilikuwa ya uhandisi wa umeme moja kwa moja: kupokea kwa redio sauti ya rubani na takwimu za chombo chake, mapigo ya moyo, hewa, joto, kwa dakika chache ambazo chombo kilikuwa juu ya upeo wa macho, kisha kuzituma Marekani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Ili hesabu ya njia yake ikubaliane kutoka kituo hadi kituo, mahali pa kila antena palipaswa kujulikana katika mfumo mmoja wa dunia nzima. Ni swali lilelile la Close pale Nkhata Bay: niko wapi, ukilinganisha na yule aliye mbali, kwa dakika hiihii? Kituo hakikudumu. Wananchi wengi walikitilia shaka kuwa ni cha kijeshi, chama cha siasa cha ZNP kilikipinga hadharani, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoke. Kilifungwa mwaka huo, na kazi ikahamia Madagaska.

Msomaji makini anaweza kuniambia kwamba mnyororo huu nimeuunga kwa nguvu. Kwamba Glenn angeruka hata kama Tunduma isingepimwa. Kweli angeruka. Nguzo za mwaka 1898 hazikuwa sehemu ya pembetatu za nyuzi 30, na sisemi kwamba moja ilizaa nyingine kama mama na mtoto. Ninachosema kinashikika zaidi: njia ilikuwa moja, ya kulinganisha saa kwa umeme na kubeba kipimo kwa pembetatu, Gill alikuwa upande mmoja wa waya na akawa mwanzilishi wa mnyororo, kampuni ya Rhodes ililipia sehemu ya Rhodesia ya Kusini, na Hotine aliyeziba pengo letu baadaye alifanya kazi Marekani akishughulikia hisabati ya kupima dunia. Mwingine atasema Tunduma ilitengenezwa na biashara na jiografia, siyo wapimaji: bomba la mafuta la TAZAMA la mwaka 1968, reli ya TAZARA iliyofika mpakani Agosti 1973, barabara kuu ya kwenda Zambia. Hapo pia nakubali nusu. Uwanda kati ya maziwa mawili ungepitisha njia kwa vyovyote vile. Ila njia ingepita bila kusimama. Sababu ya lori kusimama Tunduma, na siyo Mlowo au Isoka, na sababu ya mji mzima kuota mahali pale, ni nguzo. Na uamuzi wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964, Tanganyika na Zanzibar zikiwa zimeshaungana na Mwalimu Nyerere akiwa mtetezi wake mkubwa, kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, uliifanya kazi ya Close na Herrmann kuwa sheria yetu wenyewe.

Jambo hili linagusa maisha ya sasa kuliko watu wanavyodhani. Ramani nyingi za Tanzania zilizotengenezwa katika karne iliyopita zimejengwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, na hiyo Arc ni mnyororo uleule wa Gill. Simu ya mkononi na vipimo vya setelaiti hutumia mfumo mwingine. Namba zilezile za latitudo na longitudo, zikisomwa katika mfumo huu badala ya ule, hukupeleka mahali pengine umbali wa mita 300 hivi. Mashambani Momba mita 300 ni mwendo wa dakika chache. Tunduma mjini ni mitaa, na ndani yake kuna maduka, vibanda vya wabadilisha fedha, nyumba za kulala wageni na hata madarasa. Kijana anayenyoosha simu yake mpakani na kutangaza kwamba Zambia imetuibia kiwanja, au Tanzania imeiibia Zambia, anaweza kuwa amesoma kwa usahihi kabisa namba ya mfumo usiohusika.

Hapo ndipo bikoni, yaani nguzo za mpaka, zinapokuwa na thamani ambayo bado hatujaipa. Katika kazi ya mipaka, nguzo iliyosimikwa na kukubaliwa na pande mbili hushinda namba iliyoandikwa, kwa sababu namba hubadilika kila kipimo cha dunia kinapoboreshwa, na tangu mwaka 1898 kimeboreshwa mara kadhaa. Kimondo cha Ndolezi kinahifadhiwa na kulipiwa kiingilio. Nguzo za mpaka zinazofaa kuwekwa kwenye orodha hiyohiyo ya mambo ya kale zimezungukwa na ujenzi unaozidi kusogea. Bikoni iking'olewa ili jiwe lake liwe msingi wa kibanda, wapima wa Tanzania na Zambia watakaoitwa kuirudisha watalazimika kuanza na madaftari ya tume ya mwaka 1898, kuhesabu upya pembetatu zilizotoka Nkhata Bay, na kukubaliana kwanza kosa la sekunde ngapi lilikuwamo kwenye waya siku ile.